Sakafu ya mbao chini ya ardhi: Pima unyevu kabla ya kununua

KATIKA miji yenye vilima kama Mwanza, baadhi ya nyumba zina vyumba vilivyochimbwa ndani ya mteremko. Mwenye nyumba anayetaka kutandika sakafu ya mbao katika chumba cha namna hiyo hana budi kuanza kwa kulichunguza zege, ndipo aende kununua mbao.

Zege huweza kupitisha unyevu wa ardhini hata linapoonekana kavu. Mbao huunyonya, hutanuka na hatimaye huinuka au kupinda. Chini yake huota ukungu, na mchwa hupata makazi.

Kipimo chepesi kipo. Kata nailoni angavu yenye upana wa nusu mita kila upande, igandishe juu ya zege kwa utepe pande zote nne, kisha iache kwa saa 24. Matone yakionekana chini yake, au zege likiwa na rangi iliyokoza, kazi isianze. Ni vema kipimo hicho kirudiwe wakati wa masika, kwa kuwa chumba kikavu cha kiangazi huweza kulowa mvua zinaponyesha.

Zege jipya nalo lipewe muda. Kadirio la kawaida ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Zege la sentimita 10 huhitaji takriban miezi minne.

Kuhusu aina, mbao za tabaka hufaa zaidi kuliko mbao nzima. Hizi zina utando wa mbao ngumu juu ya tabaka nyembamba zilizogundishwa kwa kupishana, hivyo hazitanuki sana. Anayeshikilia mbao nzima achague mninga au msaji, ambazo hazibadiliki sana kwa unyevu, na ahakikishe ni kiini cha mti, kwani sehemu nyeupe ya nje hushambuliwa na wadudu kwa urahisi.

Kabla ya kutandika, mbao zikae chumbani siku kadhaa zizoee hewa yake. Nailoni nzito itangulie juu ya zege, na nafasi ya takriban milimita 10 iachwe kando ya kuta.

Hata hivyo, iwapo maji hupenya ukutani kila masika, hakuna mbao itakayodumu humo. Fedha hizo zitumike kwanza kuzuia maji. Yasipozuilika, vigae ndivyo vinavyofaa.