Historia ya Mashine za Kusaga Nafaka: Isome Kabla Hujanunua Yako

Ndugu mkulima na mfanyabiashara wa kijijini, kila baada ya mavuno swali hili hurudi: "Nina akiba kidogo, nataka kufunga mashine ndogo ya kusaga hapa nyumbani. Ninunue ipi?" Wengi huanza kwa kulinganisha bei na ukubwa wa mota. Nakushauri uanze na historia. Mashine za aina nyingi zimekwisha kupita katika vijiji vyetu. Nyingine zimegeuka vyuma chakavu, nyingine zinasaga mpaka leo, na sababu zake zinajulikana.

Kinu, mchi na jiwe

Kabla ya mashine, kazi ilikuwa ya hatua mbili. Nafaka ilitwangwa kwenye kinu ili kutoa maganda, kisha ikasagwa juu ya jiwe. Mtama, uwele na ulezi vyote vilipita hapo, na aliyeinama juu ya jiwe hilo karibu kila mara alikuwa mwanamke.

Mahindi yalitoka bara la Amerika, yakaletwa pwani yetu na Wareno kuanzia karne ya 16. Huku bara yalikuja kuwa chakula kikuu hasa wakati wa ukoloni. Wapagazi wa misafara, na baadaye vibarua wa mashamba na reli, walipewa mgao wa chakula ulioitwa posho. Ndiyo maana Kenya mashine ya kusaga huitwa posho mill, na Uganda ugali wenyewe huitwa posho.

Zingatia jambo hili: mashine ilipofika kijijini, kitu cha kwanza ilichouza ni muda. Mama aliyelipia kusaga alikuwa ananunua saa zake alizokuwa akizimaliza kwenye jiwe. Mpaka leo mteja wako ni huyo huyo. Akitembea mwendo mrefu na kukuta mashine imeharibika, safari ijayo atakwenda kwingine.

Injini na nyundo

Kuanzia karibu mwaka 1930 kampuni ya Lister, ya Dursley nchini Uingereza, ilitengeneza injini za dizeli zenye mwendo wa polepole, kama mizunguko 600 hivi kwa dakika. Zilikuwa nzito na zenye kelele, lakini fundi mwenye spana chache aliweza kuzifungua na kuzifunga. Baadaye nchini India wakaziiga, na vipuri vikawa rahisi kupatikana.

Injini hizo zilizungusha mashine za mawe, za sahani za chuma na za nyundo. Za mawe zinahitaji mtu wa kuyachonga upya yakilika. Za sahani zinahitaji sahani mpya, ambazo huenda zikatoka mbali. Ya nyundo ndiyo iliyoenea zaidi. Ndani yake kuna vipande bapa vya chuma vinavyoning'inia kwenye shafti na kuipiga nafaka mpaka ipite kwenye chekeche. Nyundo ikilika kona moja, unaigeuza. Ikiisha kabisa, fundi wa mjini anakukatia nyingine, hata kutoka kwenye springi ya gari. Ilishinda kwa sababu inaweza kutengenezwa hapa hapa.

Sembe la bei nafuu na kurudi kwa mashine ndogo

Nchini Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilitaifisha viwanda vikubwa vya kusaga, na mwaka 1968 likaanza Shirika la Taifa la Usagishaji (NMC). Sembe lake liliuzwa kwa ruzuku, na mtu wa mjini hakuwa na sababu ya kubeba mahindi kwenda kusagisha. Mwaka 1984 ruzuku ilifutwa na bei ikapanda. Kenya nayo iliondoa udhibiti wa bei na usafirishaji wa mahindi mwishoni mwa mwaka 1993. Kote kuwili watu wengi waligeukia kununua mahindi na kusagisha wenyewe, na mashine ndogo zikapata wateja mpaka mitaa ya mijini.

Funzo lake: mashine ndogo hupata kazi pale unga wa dukani unapokuwa ghali kuliko mahindi pamoja na ada ya kusaga. Kabla hujanunua, piga hesabu hiyo kwa bei za kijijini kwako, wakati wa mavuno na wakati wa njaa.

Mashine zilizonyamaza

Miaka ya 1970 na 1980 vijiji vingi vilipata mashine za pamoja, kwa fedha za kijiji au za wafadhili. Kisha dizeli ikaadimika, fedha za kigeni za kununulia vipuri zikakosekana, na mashine nzima zikasimama kwa kukosa beringi au mkanda. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, na karakana zetu nyingine zimesaidia kuziba pengo hilo. Hata hivyo, bado wapo wanaonunua mashine nzuri ambayo hakuna fundi wa wilayani anayeijua.

Uulize nini leo

Umeme umefika vijiji vingi, hasa tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uanze kazi mwaka 2007. Hata hivyo, fuata utaratibu huu kabla ya kutoa fedha:

1. Uliza umeme wa kwako ni wa njia moja au njia tatu. Mota kubwa za kusagia huhitaji njia tatu. Watu wamenunua mota kwanza, kisha ikakaa stoo.
2. Hesabu nishati. Mota ya nguvu farasi 10 ni kama kilowati 7.5, hivyo ikifanya kazi kwa nguvu zote hula kama yuniti 7.5 kwa saa, au zaidi kidogo.
3. Jua wateja wanataka dona au sembe. Mashine ya nyundo peke yake hutoa dona. Sembe linahitaji pia mashine ya kukoboa, na hapo utapata pumba za mifugo. Dona lina kiini chenye mafuta, kwa hiyo haliwekwi muda mrefu.
4. Chagua chekeche kwa kazi: matundu ya karibu milimita 1 kwa unga wa ugali, makubwa zaidi kwa chakula cha kuku.
5. Taja beringi, mkanda, nyundo na chekeche, kisha uulize kila kimoja kinauzwa wapi na kwa bei gani. Muuzaji akishindwa kujibu, rudi nyumbani na akiba yako.

Chagua mashine ambayo fundi wako anaweza kuifungua leo na kukurudishia ikisaga kesho.