Kutoka Dainamo hadi Alteneta

Magari ya mwanzo hayakuhitaji mtambo wa kuchaji betri. Taa nyingi ziliwaka kwa mafuta au gesi ya asetilini, na dereva aliwasha injini kwa kuizungusha kwa hendeli. Mwaka 1912 Cadillac ya Marekani ilitoka na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering na wenzake wa Delco. Injini ikishawaka, mashine ileile iligeuka kuwa dainamo na kuirudishia betri chaji.

Dainamo ilitawala kwa karibu miaka 50. Umeme wake ulizalishwa katika nyaya zinazozunguka, na wote ulitoka kupitia brashi za kaboni zinazosugua komuteta, yaani pete ya shaba iliyogawanywa vipande. Brashi zililika na komuteta ikachimbika. Fundi aliikereza hadi ikawa laini, akakwangua maika, yaani kihami kilicho kati ya vipande, kisha akaweka brashi mpya. Hata ikiwa nzima, dainamo ilichaji kidogo sana injini ilipozunguka polepole.

Mashine ya kuzalisha mkondo geu ilijulikana zamani: Hippolyte Pixii aliitengeneza Paris mwaka 1832, mwaka mmoja baada ya ugunduzi wa Michael Faraday. Lakini betri huchajiwa kwa mkondo wa upande mmoja tu. Kikwazo hicho kiliondolewa na daiodi za silikoni za miaka ya 1950, ambazo hupitisha mkondo upande mmoja tu, ni ndogo na zinastahimili joto la injini. Chrysler iliweka alteneta, yaani mashine ya mkondo geu yenye daiodi hizo, kwenye Valiant ya 1960, na Land Rover Series III ikaipokea mwaka 1971.

Katika alteneta, nyaya zinazozalisha umeme zimetulia na sumaku ndiyo inayozunguka. Brashi hupitisha ampea chache tu za kuamsha sumaku hiyo, tena juu ya pete laini, kwa hiyo hudumu zaidi. Ubovu ukahamia kwenye daiodi na regyuleta (kidhibiti cha volti), ambazo hazionyeshi kasoro kwa macho, na fundi akalazimika kutegemea mita. Injini ikiwaka, kwa kawaida betri husoma volti 13.5 hadi 14.5; ikibaki karibu na 12, chaji haifiki. Desturi ya enzi za dainamo ya kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma, ili kupima chaji, ikawa hatari, kwa sababu volti hupanda ghafla na kuunguza daiodi na vifaa vingine.

Baadaye regyuleta iliingizwa ndani ya alteneta yenyewe. Nchi za viwanda, ambako ujira wa fundi ni mkubwa, zikazoea kubadilisha alteneta nzima na kuirudisha mbovu kiwandani ifanywe upya. Afrika Mashariki hali ni tofauti. Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na Kisekka jijini Kampala, vipuri vilivyotumika huuzwa kwa wingi, na mafundi bado hubadilisha beringi, brashi au daiodi peke yake, au kusuka upya nyaya zilizoungua.

Katika magari mengi ya sasa kompyuta hupandisha na kushusha chaji kwa makusudi, hivyo kipimo kimoja cha mita hakitoshi kutoa hukumu. Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, haina alteneta kabisa: betri yake ndogo huchajiwa kutoka kwenye betri kubwa kupitia kifaa cha kielektroniki cha kushusha volti.