Magnum .300, .338 au .375: Risasi ipi inafaa kwa mnyama gani?

Kwa mkazi wa Sigino, kata iliyo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Babati, habari za bunduki kubwa za kuwindia zinaweza kuonekana ni mambo ya watalii tu. Wanakuja, wanawinda, wanaondoka.

Lakini mkoa wa Manyara ni mkoa wa wanyama. Hifadhi ya Taifa Tarangire iko jirani, na kati yake na Ziwa Manyara kuna mapito ambako tembo, nyati na pundamilia hupita karibu na mashamba na maboma ya watu. Wanyama hawajui mpaka wa hifadhi wala wa kijiji.

Ndiyo maana mwindaji akichagua risasi vibaya, hasara haimpati yeye peke yake. Nyati aliyepigwa tumboni na kukimbilia kichakani anaweza kukutana na mama anayetafuta kuni au kijana anayechunga ng'ombe, na hao hawakuambiwa lolote kuhusu uwindaji huo.

Basi, risasi ipi ni sahihi? Haya ndiyo ya kujua.

Magnum maana yake nini?

Watu wengi wanasema "risasi" wakimaanisha kitu kizima. Ukweli ni kwamba kina sehemu nne: ganda la shaba, fataki inayowasha moto, baruti, na kichwa, yaani kile kinachoruka na kumpiga mnyama.

Magnum ni risasi ambayo ganda lake limetengenezwa kubeba baruti nyingi kuliko risasi za kawaida zenye kichwa cha unene huohuo. Baruti nyingi maana yake ni kasi kubwa zaidi, au kichwa kizito zaidi kwa kasi ileile.

Namba kama .375 inaonyesha kipenyo cha kichwa kwa inchi. Kwa hiyo .375 ni karibu milimita 9.5, .338 ni karibu milimita 8.6, na .300 Winchester Magnum hurusha kichwa cha karibu milimita 7.8.

Magnum nyingi zinazojulikana leo ni ndugu wa ukoo mmoja. Mwaka 1912 kampuni ya Holland & Holland ya London ilitoa .375 H&H Magnum, yenye mkanda wa shaba kwenye kitako cha ganda. Kutokana na muundo huo zikaja .458 Winchester Magnum (1956), .338 Winchester Magnum (1958), 7mm Remington Magnum (1962) na .300 Winchester Magnum (1963).

Undugu huo usikudanganye. Kila bunduki inatumia risasi yenye jina lilelile lililoandikwa kwenye mtutu wake. Kuingiza risasi "inayofanana" kunaweza kupasua bunduki na kumuumiza anayefyatua.

Anza na sheria, siyo duka la bunduki

Tanzania, uwindaji unasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Nje ya hifadhi za taifa, msimamizi mkuu ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Ndani ya hifadhi za taifa, kama Tarangire na Ziwa Manyara, hakuna kuwinda kabisa.

Bunduki yenyewe iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni hupitia Jeshi la Polisi. Kwa hiyo mtu anahitaji vibali viwili tofauti: cha kumiliki silaha na cha kuwinda. Kuwa na kimoja hakukupi kingine.

Kwenye ukubwa wa risasi, kima cha chini kwa wanyama hatari kama nyati, simba na tembo ni .375. Hapa hakuna mjadala. Hata kama mtu ana .300 nzuri yenye darubini ya bei mbaya, kwa nyati haifai kisheria wala kiusalama.

Pili, mwangalie mnyama

Huko Marekani, mjadala wa magnum mara nyingi unamhusu elk, mnyama mkubwa wa milimani mwenye pembe za matawi. Dume lake hufikisha zaidi ya kilo 300. Wawindaji wa kule wanabishana miaka nenda rudi: 7mm, .300 au .338?

Ukileta swali hilo Tanzania, picha inabadilika, kwa sababu wanyama wetu wanatofautiana sana:

• Swala pala: kilo 40 hadi 70 hivi. Magnum kwake ni nguvu ya ziada isiyo na kazi.

• Kongoni na nyumbu: kilo 120 hadi 250 hivi. Nyumbu anasifika kwa ugumu, akipigwa vibaya anakimbia mbali.

• Tandala mkubwa: dume hufikia kilo 250 na zaidi. Huyu ndiye wa kumlinganisha na elk.

• Pofu: dume anaweza kufika kilo 900. Ni mpole, lakini mwili wake ni mnene kuliko wa nyati wengi.

• Nyati: kilo 500 hadi 800 na zaidi. Akijeruhiwa, anaweza kujificha na kumsubiri anayemfuata.

Risasi zenyewe kwa ufupi

Takwimu hizi ni za kawaida za kiwandani, na hubadilika kidogo kutoka kampuni moja hadi nyingine. Nguvu inapimwa kwa joule, risasi ikiwa inatoka kwenye mtutu.

.30-06 Springfield (1906). Siyo magnum, lakini ni kipimo kizuri cha kulinganishia. Kichwa cha gramu 11.7, kasi ya mita 820 hivi kwa sekunde, nguvu ya joule 3,950 hivi. Inatosha kwa swala, kongoni na nyumbu kwenye umbali wa kawaida.

7mm Remington Magnum. Kichwa cha gramu 10.4, kasi ya mita 900 hivi, nguvu ya joule 4,200 hivi. Inaruka ikiwa imenyooka na teke lake linavumilika. Nzuri kwa wanyama wa kati wa maeneo ya wazi.

.300 Winchester Magnum. Kichwa cha gramu 11.7, kasi ya mita 900 hivi, nguvu ya joule 4,750 hivi. Hii inamfaa anayetaka bunduki moja kwa karibu wanyama wote wasio hatari, tandala akiwemo.

.338 Winchester Magnum. Kichwa cha gramu 16.2, kasi ya mita 810 hivi, nguvu ya joule 5,300 hivi. Ina uzito wa kupenya kwenye mwili mnene. Kwa pofu, ni chaguo zuri. Kwa nyati, bado haijafika kima cha chini.

.375 H&H Magnum. Kichwa cha gramu 19.4, kasi ya mita 770 hivi, nguvu ya joule 5,800 hivi. Ina zaidi ya miaka 100 sokoni na bado ndiyo inayotajwa zaidi kwa mtu anayetaka kubeba bunduki moja tu kwa safari ya Afrika. Inamudu nyati, na ukitumia kichwa kinachofaa, inamudu hata swala bila kuharibu nyama nyingi.

.416 Rigby (1911) na .458 Winchester Magnum. Hizi ni za nyati na tembo kwa karibu. Wawindaji wa kulipwa wanaolinda wageni wao huzipenda kwa sababu kazi yao ni kumzuia mnyama anayekuja mbio.

Umbali: hapa ndipo wengi wanapotea

Kwenye video za mtandaoni mtu anapiga bati lililo mita 1,000 na watu wanashangilia. Bati halitembei.

Hesabu iko hivi. Bunduki ikirekebishwa ipige katikati kwenye mita 200, kichwa cha .300 Winchester kitakuwa kimeshuka takriban sentimita 20 kikifika mita 300. Cha .375 H&H kitakuwa kimeshuka takriban sentimita 30. Tofauti ya sentimita 10 inaweza kuonekana ndogo, lakini kila mita inayoongezeka inaipanua, na upepo unaongeza yake.

Kwenye mita 500, kichwa cha .300 kinatumia zaidi ya nusu sekunde kufika. Muda huo unamtosha mnyama kupiga hatua moja. Risasi iliyolenga moyo inaingia tumboni.

Zipo risasi zilizotengenezwa kwa masafa marefu hasa, kama .338 Lapua Magnum, iliyobuniwa kwa ajili ya wadunguzi wa kijeshi. Mwaka 2009 askari wa Uingereza Craig Harrison aliitumia Afghanistan kupiga umbali wa mita 2,475. Hiyo ni vita. Kwa mnyama anayestahili kufa haraka bila mateso, mfano huo hauna nafasi.

Kwenye vichaka vya migunga vya Manyara, mwindaji kwa kawaida humnyatia mnyama kwa miguu hadi karibu. Nyati hupigwa ndani ya mita 100, mara nyingi chini ya hapo. Kwa umbali huo, kichwa kinene na kizito kina faida kuliko kasi.

Teke la bunduki siyo utani

Kila nguvu inayokwenda mbele inarudi begani. Teke la .375 H&H linakaribia mara mbili ya lile la .30-06, kwa bunduki za uzito unaokaribiana.

Matokeo yake ni tabia moja mbaya: mtu anaogopa bunduki yake mwenyewe. Anafumba macho au anavuta kifyatulio kwa pupa kabla ya mlio. Bunduki kubwa inageuka kuwa ya kujeruhi.

Historia ya Afrika Mashariki ina mfano wake. Mwanzoni mwa karne iliyopita Mskoti W.D.M. Bell aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7, na jina la Karamojo alilipata kutokana na eneo la Karamoja, Uganda. Siri yake haikuwa nguvu. Alichunguza mafuvu ya tembo mpaka akajua ubongo ulipo.

Leo hakuna anayeruhusiwa kumuiga, na haifai. Lakini somo limebaki: mahali risasi inapoingia pana uzito kuliko jina la risasi.

Usisahau kichwa

Risasi mbili za .375 zinaweza kufanya kazi tofauti kabisa. Kichwa laini hufunguka kama uyoga kikiingia mwilini, kinafaa kwa swala na tandala. Kichwa kigumu hakifunguki, kinapenya moja kwa moja kwenye mifupa na misuli minene, kinafaa kwa tembo. Kwa nyati, wengi huanza na kichwa laini kilichotengenezwa imara, kisha vigumu vinafuata.

Kuna na suala la upatikanaji. Mzigo wa risasi kwenye ndege una kikomo cha kilo 5, na unaweza kupotea njiani. Mwenye .375 ana nafasi nzuri ya kupata nyingine kuliko mwenye risasi adimu ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

Mnyama akijeruhiwa

Katika uwindaji wa kitalii, mnyama aliyejeruhiwa akapotea anahesabiwa kama ameuawa na hulipiwa. Lakini pesa haimalizi kazi. Mwindaji anapaswa kufuata damu mpaka mwisho, na kama ni mnyama hatari, askari wa wanyamapori na wanakijiji wajulishwe mapema.

Kwa mwananchi wa kawaida: ukisikia kuna nyati au simba aliyejeruhiwa jirani, usiende kuangalia wala kupiga picha. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au askari wa wanyamapori, na zuia watoto na mifugo wasielekee upande huo.

Kwa kifupi

• Wanyama wa kati, maeneo ya wazi: 7mm Remington au .300 Winchester.

• Tandala na pofu: .300 kwa wa kwanza, .338 au .375 kwa wa pili.

• Nyati na wanyama wengine hatari: .375 ndiyo mwanzo, siyo mwisho.

• Bunduki moja kwa yote: .375 H&H, kama bega linaimudu.

• Umbali: ule ambao umeufanyia mazoezi na unapiga pasipo kubahatisha. Ukiwa na shaka, sogea karibu au acha.

Mnyama aliyeachwa leo anaweza kuwindwa kesho. Aliyejeruhiwa anabaki porini na maumivu yake, na pori hilo lina watu.