Daktari Burkitt, saratani ya utumbo na chakula cha bara

Tumeulizwa na familia moja ya Unguja yenye jamaa zao Lusu, wilayani Nzega, Tabora: je, ni kweli kwamba mtu wa shamba huko bara, anayekula ugali wa mtama, maharage na mlenda, hapatwi na saratani ya utumbo mpana kama mtu wa mjini? Na maneno hayo kayasema nani?

Aliyeyaeneza zaidi ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliyezaliwa 1911. Alifika Uganda 1946, akaanzia Lira, kisha akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika makala kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika. Wachache waliijali. Mwezi wa Machi 1961 aliizungumzia London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikapelekwa kwake kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr. Saratani yenyewe ikapewa jina la Burkitt. Wanaohesabu mara ngapi makala fulani imerejelewa na wengine wajue kuwa hapa hesabu inapunja: ugonjwa ukishachukua jina la mtu, waandishi hulitaja jina na kuiacha makala.

Lakini Burkitt alikuwa mpasuaji. Anayeitambua saratani kwa yakini ni mtaalamu wa patholojia, anayekiangalia kipande cha nyama kwa hadubini. Kazi hiyo Makerere ilisimamiwa na Profesa Michael Hutt, aliyefika 1962. Hospitali za mbali zilimpelekea vipande kwa posta na kupimiwa bure. Mwaka 1965 Hutt na Burkitt walichapisha makala kuhusu namna saratani zilivyotawanyika Afrika Mashariki. Kwa maoni yetu huu ndio msingi wa yote yaliyofuata, ingawa jina la Hutt halijulikani sana nje ya fani yake.

Burkitt aliporudi Uingereza 1966 aliigeukia saratani ya utumbo mpana. Alikuwa ameiona kwa nadra sana Uganda, ilhali Ulaya imejaa. Mwanamaji Peter Cleave alikwishaandika kwamba sukari na unga uliokobolewa ndio chanzo cha maradhi mengi. Burkitt akaitilia mkazo ile sehemu inayotupwa, yaani nyuzinyuzi za chakula. Katika makala ya Lancet ya 1972, yeye na wenzake walipima muda wa chakula kupita tumboni: wanakijiji wa Uganda chini ya saa 40, mabaharia wa jeshi la Uingereza zaidi ya saa 80. Hoja yake ni nyepesi kueleweka: uchafu ukikaa muda mrefu, ukuta wa utumbo nao huguswa muda mrefu na vitu vyenye madhara. Makala zake za 1971 hadi 1974 zimerejelewa sana.

Kurejelewa si kuthibitishwa, na wengi walimrejelea ili kumpinga. Walisema, na walikuwa na haki, kwamba watu wa Afrika wengi ni vijana na saratani hii ni ya umri mkubwa, na kwamba wengi walikufa vijijini bila kupimwa. Mwaka 1999 utafiti wa wauguzi 88,757 wa Marekani haukuona faida ya nyuzinyuzi. Mwaka 2003 utafiti wa Ulaya wenye watu zaidi ya 500,000 ukaiona. Kisha 2015 watafiti waliwabadilishia chakula kwa wiki mbili Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini, kila kundi likala chakula cha mwenzake. Dalili za hatari ndani ya utumbo zikapungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa wenzao.

Kwa hiyo jawabu kwa familia iliyouliza: chakula cha Lusu kinasaidia, lakini hakimkingi mtu moja kwa moja. Nasi visiwani, kwa wali mweupe, mkate wa unga mweupe na chipsi za jioni, tuna sababu ya kurudisha kunde, mboga za majani na unga usiokobolewa.

Damu kwenye choo isiitwe bawasiri mpaka daktari aseme hivyo. Vilevile choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, au kupungua uzito bila sababu. Wengi huona haya kupimwa sehemu hizo. Wanachuoni wameruhusu kufunua uchi kwa daktari panapokuwa na haja ya matibabu, kwa kadiri ya haja tu, na aanze kutafutwa daktari wa jinsia moja akipatikana. Aliyeko Unguja aanzie Mnazi Mmoja. Aliyeko Nzega apelekwe hospitali ya wilaya, na akihitaji zaidi, Bugando, Mwanza. Kikikatwa kipande cha nyama, familia ifuatilie majibu ya patholojia mpaka yapatikane kwa maandishi.