Jina la Ukoo Lisilo la Ukoo: Historia ya Majina ya Kizungu na Majina Yetu ya Busia na Tororo

Kila muhula unapoanza huwa nasoma kwa sauti orodha ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Muhula uliopita majina matatu yalifuatana: Wilson, Johnson na Nelson, kila moja likiwa na jina la nyumbani pembeni yake. Mwanafunzi mmoja kutoka Tororo akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, sisi tunajua kwamba Okoth ni mvua. Je, Wilson ni nini?" Darasa zima lilicheka. Hata hivyo, swali lilikuwa zuri kuliko jibu nililokuwa nalo siku ile, nami niliahidi kulijibu katika ukurasa huu.

Makala haya yanakusudia kutimiza ahadi hiyo. Kwanza tutatazama Wazungu walivyopata majina yao ya familia. Pili, tutaona jinsi majina hayo yalivyovuka bahari yakafika kwetu mpakani. Mwisho tutajiuliza kama istilahi tunayofundisha, yaani "jina la ukoo", inaeleza hali halisi ya watu wetu.

Majina ya Kizungu yalivyoanza

Wengi wetu hudhani kwamba Wazungu walikuwa na majina ya familia tangu zamani. Sivyo. Kabla Wanormandi hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, mtu wa kawaida nchini humo alikuwa na jina moja tu. Kijiji kilipokuwa na akina John watano, watu waliwatofautisha kwa kuongeza neno. Ndiyo maana neno la Kiingereza "surname", lenye asili ya Kifaransa, maana yake ni jina lililoongezwa juu ya jingine.

Maneno hayo ya nyongeza yalitoka katika vyanzo vinne. Chanzo cha kwanza ni jina la mzazi. Kiishio "-son" maana yake ni mwana. Kwa hiyo Wilson ni mwana wa Will, kifupisho cha William. Johnson ni mwana wa John, yaani Yohana. Na Jackson ni mwana wa Jack, ambaye naye ni John kwa jina la kuitana nyumbani. Yohana huyo ana wana wengi Ulaya: Jones na Evans huko Wales, Hansen kule Denmark na Norwei, Janssen kwa Waholanzi, na Ivanov kwa Warusi. Waskoti hutanguliza "Mac", nao Waayalandi hutanguliza "O" kwa maana ya mjukuu au mzao, kama O'Brien. Wanafunzi wangu waangalie hapa: "O" ya Kiayalandi haina udugu na "O" ya Okello au Okoth. Kufanana huko ni kwa sadfa tu.

Chanzo cha pili ni kazi. Smith ni mhunzi, naye yupo karibu kila mahali: Schmidt kwa Wajerumani, Lefebvre kwa Wafaransa, Kovács kwa Wahangaria. Taylor alikuwa fundi cherehani wa enzi zisizo na cherehani, na Miller alikuwa msaga nafaka. Chanzo cha tatu ni mahali, mathalani Hill, yaani kilima. Washington na Wycliffe ni majina ya vijiji vya kaskazini ya Uingereza kabla ya kuwa majina ya watu. Chanzo cha nne ni sifa au jina la utani: Brown alikuwa wa rangi ya kahawia, Petit wa Ufaransa alikuwa mdogo wa mwili, na Rossi wa Italia alitoka kwa mtu mwenye nywele au uso mwekundu.

Mwanzoni majina haya hayakurithiwa. Mwana wa Smith aliyeoka mikate aliweza kuitwa Baker. Kilichoyagandisha ni kalamu ya karani pamoja na haja ya kurithi ardhi. Huko Uingereza kodi ya kichwa ilitozwa mara tatu kati ya mwaka 1377 na 1381, na makarani walihitaji kujua ni John yupi aliyelipa. Mwaka 1538 kila parokia iliamriwa kuweka daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Kwingineko mambo yalichelewa zaidi. Waholanzi waliamriwa na Napoleon mwaka 1811 kuandikisha majina ya familia. Nchini Uturuki sheria ya majina ya familia ilipitishwa mwaka 1934, na mwaka huohuo Mustafa Kemal akapewa jina la Atatürk. Waaislandi wengi mpaka leo hawana jina la familia: mvulana huitwa kwa jina la mzazi likiongezwa "-son", na dada yake "-dóttir", yaani binti.

Tunajifunza nini hapa? Jina la familia ni chombo cha daftari. Lilizaliwa pale serikali, kanisa na mahakama zilipotaka kumfuata mtu kwa maandishi.

Majina yetu kabla ya daftari

Sasa turudi nyumbani. Wasamia na Wakhayo huita watoto kwa majira na matukio, kama wafanyavyo Waluhya wengine. Mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula, wa kike ni Nafula. Wa mavuno ni Wekesa na Nekesa. Wa njaa ni Wanjala na Nanjala. Wa kiangazi ni Simiyu na Nasimiyu. Jirani zao Jopadhola wa Tororo, ambao lugha yao ni ya Kiniloti, hufanya vivyo hivyo kwa viambishi vyao: Okoth na Akoth ni wa mvua, Othieno na Athieno ni wa usiku, Oketcho na Aketcho ni wa njaa. Pacha wao ni Opio na Odongo, au Apio na Adongo, na anayewafuata ni Okello au Akello. Kwa hiyo Wafula na Okoth ni jina moja katika lugha mbili, na Wanjala akikutana na Oketcho sokoni amekutana na somo wake bila kujua.

Mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, kiambishi awali hubeba jinsia. Hakuna bibi wa Kisamia aliyemwita mjukuu wake wa kike Wafula. Pili, majina hurithiwa kutoka kwa waliotangulia. Mtoto aweza kuitwa Wanjala ingawa ghala zilijaa alipozaliwa, kwa sababu babu yake marehemu aliitwa hivyo. Ni sawa na Smith wa leo ambaye hajawahi kushika nyundo.

Je, ukoo uko wapi? Upo, tena una nguvu. Jopadhola wana koo kama Nyirenja, Amor, Ramogi na Koch. Wasamia nao wana koo zao, na ndizo zinazoamua nani amwoe nani. Lakini mtu haitwi kwa jina la ukoo wake. Hilo hujulikana kwa kuulizwa, hasa siku ya posa. Hapa tunatofautiana na Waganda, ambao kila ukoo wao una majina yake, hivi kwamba jina pekee laweza kukuambia mtu ni wa ukoo gani.

Mpaka, ubatizo na kipande

Hadi mwaka 1902 eneo letu lote, kutoka Tororo na Busia hadi karibu na Naivasha, lilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Mpaka ulibainishwa kwa amri ya mwaka 1926. Wasamia na Wateso wakajikuta pande zote mbili, na majina yao yakaanza kuandikwa na makarani wa aina mbili.

Upande wa Uganda, utawala na dini viliingia Bukedi kwa lugha ya Kiganda, kufuatia safari za Semei Kakungulu na mawakala wa Kiganda. Hivyo Yohana wa Biblia akawa Yokana kwa Waprotestanti na Yowana kwa Wakatoliki, na Samweli akawa Samwiri. Upande wa Kenya, wamisionari walitumia Kiswahili, Kiingereza na lugha za wenyeji, na Yohana huyohuyo akabaki Yohana au akawa John. Aidha, wazazi walichagua majina ya watu waliowasikia shuleni na kanisani. Ndipo Wilson, Nelson, Wycliffe, Livingstone na Hannington yalipoingia. Huyu wa mwisho ni Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Yote hayo ni majina ya familia huko Ulaya, lakini kwetu yakawa majina ya ubatizo. Tukitafsiri neno kwa neno, Johnson Okoth ni "Mwana wa Yohana, Mvua".

Serikali nayo ilitaka jina la pili. Kulikuwa na kodi ya kibanda, kisha nchini Kenya ikaja sheria ya kipande ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume mzima alibeba karatasi yenye jina lake na alama za vidole. Karani alipouliza jina la pili, mmoja alitaja jina la baba yake, mwingine alitaja jina lake mwenyewe la kuzaliwa, mwingine la babu. Lililoandikwa ndilo lililobaki.

Familia moja iliyojulikana pande zote mbili yaonyesha jambo hili vizuri. Watoto wa Kasisi Jeremiah Awori, Msamia, walilichukua jina la baba yao kama jina la familia. Moody Awori alikuwa mbunge wa Funyula na Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003 hadi mwanzoni mwa 2008. Ndugu yake Aggrey Awori, aliyefariki mwaka 2021, aliwania urais wa Uganda mwaka 2001 na baadaye akawa waziri huko. Nchi mbili, jina moja, na hakuna aliyehitaji kuuliza kama ni ndugu.

Familia nyingi hazikuwa na bahati hiyo, na yangu ni mojawapo. Baba yangu na baba mkubwa walizaliwa na mama mmoja. Baba mkubwa alikwenda kufanya kazi Tororo akaandikwa kwa jina lake la majira, likitanguliwa na la ubatizo lenye sura ya Kiganda. Baba alibaki upande wa Kenya akaandikwa kwa jina la babu. Baba mkubwa alipofariki, akiwa na shamba dogo upande huu, karani wa ofisi moja alizitazama karatasi mbili akasema, "Hawa si ndugu." Tulileta wazee, barua ya chifu na hati za kiapo. Ilichukua karibu miaka miwili kuthibitisha jambo ambalo kijiji kizima kililijua. Shangazi yetu, ambaye hakuwa na karatasi yoyote, ndiye aliyekuwa shahidi bora kuliko wote.

Wajibu wetu walimu wa Kiswahili

Hapa ndipo somo letu linapoguswa. Katika fomu nyingi "surname" imetafsiriwa kuwa "jina la ukoo", nasi hufundisha hivyo bila kusita. Lakini mwanafunzi wa Kijopadhola akijaza "Okoth" mahali pa jina la ukoo, ameandika jambo lisilo kweli: ukoo wake ni Nyirenja au Amor. Uganda ilipoanza kuandikisha watu kwa vitambulisho vya taifa mwaka 2014, na sheria ya kuandikisha watu ikapitishwa 2015, nafasi mbili, ya jina la familia na ya jina la kupewa, ziliwekwa wazi kwenye kadi. Kile ambacho karani wa kodi alikifanya kwa bahati nasibu, sasa mashine hukifanya kwa uhakika. Mwonekano wa jina siku ile moja waweza kuamua urithi wa wajukuu.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, tufundishe "jina la familia" kwa lile linalorithiwa katika karatasi, na tuliache "jina la ukoo" kwa ukoo wenyewe. Tuwaonyeshe wanafunzi pia mfumo wa Zanzibar na pwani, ambako mtu huandika jina lake, la baba na la babu. Huo ni mnyororo wa vizazi, na hauhitaji jina moja la kudumu.

Pili, tuzungumze juu ya jinsia. Leo orodha zetu zina akina Mary Wafula na Grace Wekesa, mabinti wanaobeba kiambishi cha kiume kwa sababu baba zao waliandikwa hivyo. Sisemi ni kosa. Ndivyo jina la familia lifanyavyo kazi. Lakini Warusi wana Ivanov kwa mwanamume na Ivanova kwa mwanamke, na daftari zao hazikuvurugika. Mzazi anayetaka binti yake awe Nafula na ajue kwamba haombi kitu kigeni duniani.

Tatu, kila mwanafunzi na aende kwa bibi au babu yake akaulize maana ya kila jina katika familia, nani alirithiwa, na limeandikwaje katika kila karatasi, upande huu na ule. Wazee wetu wanatutoka kila mwaka, na hati ya kiapo haiwezi kutiwa sahihi na marehemu. Kazi zitakazoletwa idarani tutazihifadhi, na zilizo bora tutazichapisha katika toleo lijalo.

Kwa mwanafunzi wangu wa Tororo, jibu lako ndilo hili: Wilson ni mwana wa Will. Sasa nami nina swali kwako. Karatasi za baba yako zinasema yeye ni mwana wa nani?