Waya Ndani ya Bomba

Kijana wa jirani aligonga mlango wangu Jumamosi asubuhi, baiskeli ya milimani mkononi, boksi kwapani. "Shikamoo mzee. Mama anasema wewe ni fundi." Ndani ya boksi kulikuwa na chuma cha kiti cha aina inayozama: ukibonyeza kitufe kwenye usukani huku umekalia, kiti kinashuka, ukiinuka na kubonyeza tena, kinapanda. Na waya wake haupiti nje. Unapita ndani ya fremu, kama mshipa.

Nikamwambia aniachie mpaka jioni.

Ninaishi Hodge Hill, mashariki ya Birmingham, karibu na kile kiwanja cha nyasi kilicho kando ya Coleshill Road. Ufundi nilijifunzia Tabora, kwa mjomba wangu, chini ya mwembe. Kwa mjomba kiti hakikuwa kitu cha kupanda na kushuka. Kilipimwa siku baiskeli iliponunuliwa, nati ikakazwa, kutu ikamalizia kazi. Baba mwenye nyumba akiwa mrefu, watoto walipitisha mguu katikati ya fremu wakaendesha kwa ubavu, kiti wakikiona kwa juu tu. Mara moja nilimsaidia mjomba kuking'oa chuma cha namna hiyo. Tulimwaga mafuta ya taa, tukasubiri usiku mzima, kesho yake tukapiga nyundo hadi mchana.

Baiskeli mojawapo pale ilikuwa na nembo ya bunduki tatu zilizoegemeana, na herufi BSA. Utotoni niliamini ni mali ya jeshi. Nilishakuwa mtu mzima, tena nimeshahamia hapa, ndipo nikajua kwamba ni Birmingham Small Arms, kampuni ya mafundi wa bunduki iliyoanzishwa mwaka 1861, na kwamba kiwanda chake kilikuwa Small Heath, mwendo mfupi wa baiskeli kutoka kwangu. Oda za bunduki zilipopungua wakatafuta kazi nyingine, na mwaka 1880 wakaingia kwenye baiskeli. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliua wafanyakazi 53 mle kiwandani. Mwaka 1957 upande wa baiskeli uliuzwa kwa Raleigh ya Nottingham. Ile ya mjomba ilinunuliwa baada ya Uhuru, kwa hiyo ilibeba bunduki za Small Heath bila kuzaliwa Small Heath. Mjomba angekataa katakata.

Kinachonishangaza zaidi ni mto. Mto Cole unapita chini yetu hapa, upande wa Stechford. Ukiufuata kuelekea unakotoka, unafika Hay Mills, ambako Webster & Horsfall walivuta waya wa chuma uliozungushwa kwenye kebo ya simu ya maandishi iliyolazwa chini ya Atlantiki mwaka 1866. Jirani na hapo ni Small Heath ya BSA, na Tyseley, ambako Reynolds walitengeneza mabomba ya fremu. Reynolds walianza kama watengeneza misumari. Mwaka 1897 wakapata hataza ya bomba lenye ukuta mnene mwishoni na mwembamba katikati, na mwaka 1935 wakatoa chuma chao maarufu cha 531. Waya, bomba na baiskeli nzima, vyote kwenye bonde la kijito ambacho mtoto anakivuka kwa kurukia mawe.

Fremu yangu mwenyewe ni ya 531. Inakula chuma cha kiti cha milimita 27.2, kwa sababu bomba lake kwa nje ni 28.6, yaani inchi moja na sehemu moja ya nane. Inchi za Waingereza zimejificha humo hadi leo. Ya kijana ni ya alumini, 31.6. Nilipima mara mbili.

Kazi yenyewe ni ya subira. Unang'oa chuma cha zamani. Unaingiza ganda la waya kwenye tundu la mbele, karibu na usukani, unalisukuma lishuke bomba la chini, lipite penye ekseli ya pedeli, kisha lipande bomba la kiti. Pale kwenye kona ya ekseli ndipo linapogoma. Nilifungua pedeli na ekseli yote, nikalivua kwa waya mwembamba niliokunja ncha kama ndoana. Likishatokeza juu, unanasa kichwa cha waya kwenye kitako cha chuma cha kiti, unakizamisha taratibu huku mkono mwingine ukivuta ganda lililozidi litoke mbele. Ukizembea, linajikunja ndani na kiti hakishuki. Bano la kiti likazwe kiasi tu, maana ukilibana sana chuma kinakwama.

Nilianza kazi nikinung'unika. Breki za mjomba zilikuwa za vyuma vya fimbo, unaviona vyote, kikipinda unakinyoosha juu ya jiwe. Waya unaoteleza ndani ya ganda si jambo geni, kwani Ernest Bowden aliuandikishia hataza mwaka 1896. Kuuficha ndiko niliona maringo. Lakini nimebadili kauli. Katika vyuma vingi vya kwanza vya aina hii waya ulifungwa juu, karibu na kiti, kwa hiyo kiti kikizama unabaki kitanzi kinachokwaruza paja. Ukinaswa kitakoni, ndani, hausogei. Hilo ni jibu la fundi.

Wamarekani wawili, Joe Breeze na Josh Angell, walijaribu kutatua tatizo la kupandisha na kushusha kiti huko California miaka ya 1980 kwa springi ya nje, na ilibidi ufungue bano kwa mkono. Kijana hataki habari hizo. Anataka kushuka Cannock Chase, kaskazini ya hapa, palipofanyika mbio za milimani za Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2022.

Jioni alikuja, akapanda, kiti kikazama, akacheka. Hakujua kwamba miaka miwili iliyopita, kwenye baiskeli yangu, nilikata ganda kabla ya kukiweka kiti mahali pake, likapungua sentimita nne, nikanunua jingine. Nawe ukifunga chako, kata mwisho.