Nanga Itiwayo na Nanga Ipigwayo

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kupitia shairi la kijana mmoja wa Kyerwa kabla halijasomwa hadharani. Katika ubeti wa pili alikuwa ameandika "Babu alipiga nanga": mizani minane kamili, kipande kisicho na doa. Nikachukua kalamu nyekundu, nikafuta "alipiga", nikaandika "alitia". Mizani haikupungua wala haikuzidi, kina hakikuguswa, nami nikaridhika kwamba nimemwokoa kijana na aibu. Yeye kwa adabu hakubisha. Shairi likasomwa, na babu ambaye labda hakupata kupanda chombo cha tanga maishani mwake akatia nanga mbele ya hadhira. Kosa lilikuwa langu, na ndilo lililonituma kulichimba neno hili.

Nianze na nanga niliyoijua. Neno hili lilikuja pwani pamoja na biashara ya bahari. Waajemi husema langar, na neno hilo limeenea hata katika Kihindustani. Wamarathi wa magharibi ya Bara Hindi husema nangar, na kwao neno hilohilo ndilo jina la plau. Mwenye kuona nanga ikilima mchanga wa chini hatashangaa. Kabla chuma hakijawa rahisi kupatikana, mabaharia wa Bahari ya Hindi walitumia jiwe refu lililochongwa, likatobolewa matundu ya mraba na kupenyezwa miti iliyokuwa ndiyo makombe yake. Mawe ya namna hiyo yamepatikana Kilwa, na pia Siraf katika pwani ya Uajemi.

Mtu asiyejua bahari hudhani nanga hushika kwa uzito. Uzito husaidia, lakini nanga hushika kwa kuchimba. Ikivutwa kimlalo, kombe huzama. Ikivutwa kwenda juu, kombe hung'oka. Ndiyo maana nahodha wa mashua ndogo haachii kamba ifike chini tu na kusimama wima. Huipuliza hata ifike mara tatu au mara tano ya kina cha maji, na upepo ukichafuka, mara saba. Kipande cha mnyororo kikifungwa karibu na nanga huilaza, tena huikinga kamba isikatwe na matumbawe. Kuichagua nanga nako kwategemea sakafu ya bahari kuliko ukubwa wa chombo peke yake. Ile ya makombe manne hunasa vizuri penye miamba, na hunasa mno: wenye hekima huifunga kamba nyembamba ya pili kitakoni ili waweze kuivuta kinyume siku ya kuondoka. Baura, yenye makombe mawili mapana, ndiyo ya mchanga na tope. Na mvuvi asiye na fedha ya chuma hufunga jiwe, akaomba usiku upite salama.

Kutokana na kazi hiyo tumepata semi ambazo sasa husafiri bila chombo. Mtangazaji wa redio husema mashindano "yameng'oa nanga" hata kama uwanja uko juu ya kilima cha Karagwe, na hakuna anayemcheka. Nanga ya pwani imeruhusiwa kupanda milima. Swali langu ni kwa nini nanga ya milimani haikuruhusiwa kushuka pwani, hata mimi nikaifuta kwa kalamu.

Karagwe haikukosa maji wala haikukosa chuma. Mto Kagera unaizunguka kwa upande wa magharibi, na maziwa madogo yametapakaa mabondeni kati ya mafunjo. Wahunzi wake walisifika. Katika hazina ya wafalme wa Kihinda mlikuwa na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma na nyundo za kifalme, vitu vya heshima visivyokusudiwa kufanya kazi. Wangeweza bila shaka kufua nanga ya makombe. Lakini kwa nini waifue? Mtumbwi wa gogo unaopita kwenye mafunjo husukumwa kwa upondo, na upondo huohuo ukichomekwa kwenye tope huusimamisha mtumbwi. Chombo hakihitaji nanga mahali ambapo ufuko wenyewe humkumbatia.

Kitu walichokiita nanga kilikuwa kingine kabisa, na tuna maelezo yake ya zamani. Mnamo Novemba 1861 John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika. Speke aliondoka Januari 1862 kuelekea Buganda. Grant, aliyeugua mguu, akabaki mpaka Aprili. Ugonjwa ule ulikuwa na faida kwa historia, maana mgonjwa hana la kufanya ila kusikiliza. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1864, Grant aliieleza nanga: chombo cha mti mzito chenye umbo la sinia, uzi mmoja ukipitishwa juu yake huku na huku mara saba au nane. Aliisikia ikipigwa na bikizee mmoja, akakiri kwamba sauti za nyuzi zake, isipokuwa moja, zilipangwa sawasawa.

Mara nyingi nimewafikiria watu wengine waliokuwapo pale, ambao hawakuandika kitabu. Wapagazi na walinzi wa msafara wengi walikuwa Wangwana wa Unguja, watu wa Kiswahili. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani na kuishi miaka mingi Bara Hindi, alizungumza na Speke kwa Kihindustani na wenziwe kwa Kiswahili. Mtu huyo alikuwa na langar upande mmoja wa ulimi na nanga upande wa pili. Kisha yu Karagwe, kilomita nyingi kutoka maji ya chumvi, anaambiwa kwamba jioni itapigwa nanga. Alicheka? Aliuliza? Hapa ni mawazo yangu tu yanayotembea, lakini sioni vipi angeweza kulipita neno hilo bila kugeuka.

Tanga nalo lilifika, tena kwa mabega ya watu. Mwaka 1876 Stanley aliileta Karagwe mashua yake Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, iliyobebwa vipande vipande na wapagazi, akaiunganisha na kuielea katika ziwa dogo lililokuwa limebandikwa jina la Windermere. Wakati huo wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa na kituo chao Kafuro. Basi nanga zote mbili zilikuwa na wasemaji katika nchi moja, nao wakanunua na kuuza pamoja.

Jina hili la ala haliko Karagwe peke yake. Wahaya na Wanyambo husema enanga, Rwanda na Burundi inanga. Buganda ennanga ni kinubi, si ubao wenye nyuzi. Kwa Wahaya, enanga ndiyo iliyobeba tenzi ndefu za mashujaa, na mmoja wao ni Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, ambaye baharia yeyote angefanya vyema kumheshimu. Profesa M. M. Mulokozi alizikusanya na kuzichambua tenzi hizo katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 1986. Ni yuleyule aliyetoa pamoja na K. K. Kahigi diwani ya Malenga wa Bara mwaka 1976, jina ambalo lenyewe lilikuwa dai.

Wengine wamenishauri kwamba ala hiyo iitwe "zeze" ili msomaji asichanganyikiwe. Zeze ni ala nyingine. "Kinanda" nacho sasa kinaleta picha ya kanisani. Wengine wangependa tuandike enanga, na irabu yake ya mwanzo. Sikatai, ila Kiswahili kina tabia ya kuvua irabu hiyo mlangoni, nayo mizani ya kijana wangu ingezidi kwa moja. Tena hakuna haja. Kitenzi kinatosha kuzitenganisha: ile ya chuma hutiwa, hupulizwa, hung'olewa, ile ya mti hupigwa. Kijana alijua hivyo, ndiyo maana alichagua "alipiga". Aliyekuwa hajui ni mshika kalamu.

Nimemwandikia kumwomba radhi, na katika nakala niliyonayo kipande kile kimerudi kilivyokuwa. Alinijibu kwa sentensi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya adabu kama kawaida yake. Ya pili ilisema kwamba nanga ya babu bado ipo nyumbani, imetundikwa ukutani, haina nyuzi.